Noo, kyogeni, kabuki au bunraku: ukate tiketi ya igizo lipi la jadi la Japani?

Mkoani Wakayama, kusini mwa Osaka, lipo hekalu liitwalo Dojoji, na hekalu hilo lina kisa chake. Binti aitwaye Kiyohime alimpenda mtawa kijana aliyepita kwao akiwa njiani kwenda kuhiji Kumano. Mtawa, ili aachwe aende zake, akaahidi kwamba atakaporudi atampitia. Akarudi kwa njia nyingine. Binti alipopata habari akamfukuza mpaka mto Hidaka, akaingia majini binadamu akatoka joka, akamkuta kijana amejificha chini ya kengele kubwa ya hekalu. Akajiviringisha kwenye kengele hiyo, na moto wa hasira yake ukaichoma mpaka aliyekuwamo akawa majivu.

Ukiuliza tofauti za maigizo ya jadi ya Japani, kwa kawaida utapewa umri wake: noo na kyogeni zilikua karne ya 14, kabuki na bunraku karne ya 17. Utaambiwa pia kwamba zote zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2008. Ni kweli, ila sijaona anayekata tiketi kwa sababu ya tarehe. Afadhali kutazama kengele ya Dojoji, maana kila jukwaa limeigusa kwa namna yake.

Noo

Katika noo, Kiyohime amekwisha kufa zamani. Hekalu limekaa miaka bila kengele, leo linazindua mpya, na mkuu wa hekalu ameamuru mwanamke yeyote asikanyage pale. Anatokea mcheza ngoma, mwanamke, anawabembeleza watumishi wamruhusu acheze kwa heshima ya kengele. Wanakubali.

Kinachofuata ndicho kipimo cha kama noo itakufaa. Ala zinanyamaza, inabaki ngoma moja ndogo inayoshikwa begani, na filimbi mara mojamoja. Mpigaji anatoa ukelele wa kooni, anapiga pigo moja, kimya. Mwigizaji anainua ncha ya mguu, anaigeuza pembeni, anaishusha. Kimya tena, kirefu kiasi cha kumsikia jirani akimeza mate. Hali inakwenda hivyo kwa dakika nyingi. Kisha mwendo unakatika ghafla, ngoma zinapamba moto, na mwanamke anakimbilia chini ya kengele na kuruka wakati uleule inapoachiwa imfunike.

Hapo hakuna mzaha. Kengele ni nzito, na walioshika kamba wakiiachia kabla ya wakati au baada yake, mwigizaji ataumia. Akishafunikwa, gizani na peke yake, anabadili kinyago na mavazi bila msaidizi. Kengele inapoinuliwa, aliyemo ana pembe na meno yaliyochomoza. Watawa wanamkabili kwa sala na rozari mpaka anashindwa na kukimbilia mtoni. Kwa mwigizaji wa noo, kucheza Dojoji kwa mara ya kwanza ni mtihani wa kuhitimu mbele ya hadhira.

Mengine yote ya noo yanafuata mkondo huo wa kupunguza. Jukwaa ni mraba wa mbao wenye pande za mita sita hivi, lina paa lake na nguzo nne hata likiwa ndani ya jengo, na nyuma yake umechorwa msonobari ambao haubadiliki, iwe kisa ni cha baharini au cha ikulu. Hakuna pazia la mbele. Waigizaji huingia taratibu kwa daraja lililo upande wa kushoto wa mtazamaji. Waimbaji, aghalabu wanane, wameketi kulia, na mara nyingi wao ndio wanaosema maneno ya mhusika mkuu huku yeye akicheza. Chini ya sakafu ya majukwaa mengi ya zamani iliwekwa mitungi ili kishindo cha mguu kivume.

Walioipa noo sura hii ni baba na mwana, Kan'ami na Zeami, chini ya ufadhili wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimitsu. Zeami aliandika pia juu ya kazi ya mwigizaji, maandishi ya siri ya ukoo ambayo sasa yanasomwa na watu wa maigizo duniani kote. Hakufaidi heshima hiyo uzeeni: mwaka 1434 alipelekwa uhamishoni kisiwani Sado.

Iwapo huna hakika kama utaivumilia, fikiri juu ya mchezo mwingine, Aoi no Ue. Ndani yake kuna mke mgonjwa anayeteswa na roho ya mpinzani wake katika mapenzi. Mgonjwa huyo hachezwi na mtu. Ni vazi moja lililokunjwa na kulazwa ukingoni mwa jukwaa, na kila mtu, watawa kwa mapepo, analihudumia au kulishambulia kama mtu aliye kitandani. Ukiweza kumwona mwanamke katika vazi lile, noo ni yako. Ukiona kitambaa tu, usijilaumu, nenda jukwaa jingine.

Onyo moja: usiende noo siku uliyoshuka kwenye ndege. Muziki wake na mwendo wake humlaza hata Mjapani aliyelala vizuri usiku. Kusinzia si kosa kubwa pale, ila tiketi utakuwa umeinunua bure.

Kyogeni

Wale watumishi wa hekalu waliomruhusu mwanamke kuingia huchezwa na waigizaji wa kyogeni. Kengele inapoanguka wanagaagaa chini wakidhani ni radi au tetemeko la ardhi, wanaigusa wakikuta ni moto, kisha wanaanza kusukumiana: nani akamwambie bwana mkubwa? Ni wewe uliyemfungulia. Hapana, ni wewe. Watu wanacheka, na kwenye kicheko hicho mwigizaji aliye ndani ya kengele anapata nafasi ya kuvaa.

Kyogeni ina michezo yake ya kuchekesha pia, ya dakika 20 hadi 40, inayowekwa katikati ya michezo ya noo. Mmoja wao nao ni wa kengele. Bwana anataka kumpambia mwanawe upanga kwa dhahabu, anamtuma mtumishi wake Taro Kaja mjini Kamakura akaulize bei. Kwa Kijapani, bei ya dhahabu na mlio wa kengele hutamkwa sawa, basi Taro Kaja anazunguka hekalu hadi hekalu akisikiliza kengele, na anarudi kwa bashasha kutoa ripoti ya ipi inalia vizuri zaidi, akiiga kila moja kwa mdomo.

Uso huwa wazi mara nyingi, sauti ni ya juu, kila neno linatamkwa polepole na kwa ukamilifu, na mwili unaeleza hata usichokisikia. Mchezo unaochezwa sana ni Busu: bwana anaondoka, anawaonya watumishi wawili wasisogelee chungu chenye sumu. Ndani mna sukari. Wanaila yote, kisha kwa makusudi wanachana picha yake ya thamani na kuvunja bakuli lake, na anaporudi wanalia kwamba waliharibu mali yake kwa bahati mbaya wakaamua kujiua kwa ile sumu, bahati mbaya haikuwaua. Mtoto wa miaka saba anaelewa bila mkalimani.

Kama una mtoto, basi, hapa ndipo pa kuanzia, na sina zaidi la kusema.

Kabuki

Kabuki iliichukua Dojoji mwaka 1753, Nakamura Tomijuro wa kwanza akiicheza mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo. Kilichotokea kwa kengele ni kwamba ilisahauliwa. Imening'inia pale juu, kweli, na mwisho mcheza ngoma anaipanda na kutokeza ujoka wake. Lakini kati ya mwanzo na mwisho ni karibu saa nzima ya binti akicheza mapenzi: kwa kofia, kwa kitambaa cha mkono, kwa vigoma, sasa msichana mwenye haya, sasa mwanamke aliyechoka kudanganywa. Mavazi yanabadilika mbele ya macho yako. Msaidizi anachomoa nyuzi zilizoshikilia vazi la juu, linavutwa mara moja, na rangi nyingine kabisa inatokea chini yake huku mchezaji hajakatiza hatua.

Binti huyo ni mwanamume. Historia yake ina kejeli: aliyeanzisha kabuki alikuwa mwanamke, Izumo no Okuni, aliyecheza mjini Kyoto mwaka 1603. Serikali ya mashoguni ikawapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629 kwa madai ya kuharibu maadili, wakachukua nafasi vijana wa kiume, nao wakazuiwa mwaka 1652 kwa madai yaleyale. Wakabaki wanaume watu wazima, na kutoka kwao ikazaliwa sanaa ya kucheza mwanamke ambayo mwigizaji Bando Tamasaburo ameifikisha mahali ambapo hata anayejua ukweli husahau. Majukwaa makubwa ya kabuki bado ni ya wanaume. Kwenye noo, ambako wanaume walitawala kwa karne nyingi, siku hizi wako wanawake waigizaji wa taaluma.

Ukichagua kabuki, umechagua mwigizaji. Watu wa Tokyo hawaulizi sana "leo ni mchezo gani", wanauliza "leo yuko nani". Majina hurithiwa ndani ya ukoo kama ufalme: Ichikawa Danjuro wa sasa ni wa 13, alivikwa jina hilo mwaka 2022. Kila kitu ukumbini kimejengwa kumtukuza. Ipo njia ndefu inayokata katikati ya watazamaji hadi jukwaani, ili aingie akiwa karibu nawe kiasi cha kusikia vazi likisugua sakafu. Jukwaa linazunguka, sakafu inafunguka na kumpandisha. Nyuso za mashujaa huchorwa mistari myekundu, za waovu wakubwa ya buluu. Na jambo linapofika kileleni mwigizaji anagandisha mwili, anazungusha kichwa, anakaza macho, vipande vya mbao vinagongwa sakafuni, na kutoka viti vya juu kabisa mtu anapaza sauti: "Naritaya!"

Hilo ni jina la nyumba ya mwigizaji. Mpenzi wa taarab ataelewa haraka, kwani naye anajua kwamba kuinuka kwenda kutunza kuna wakati wake, na anayeinuka ovyo hujiaibisha. Tofauti ni kwamba huku wanaopaza sauti ni wazoefu wachache wenye sikio la kupima nukta ya sekunde. Mgeni anyamaze, afurahie.

Hadithi za kabuki, niseme wazi, nyingine zimekatwakatwa. Onyesho la mchana au la jioni hukusanya vipande vya michezo mbalimbali, na kipande cha tatu cha mkasa mrefu kinaweza kuchezwa bila cha kwanza wala cha pili. Anayetaka kisa chenye kichwa na mkia atalalamika. Anayetaka macho yake yashibe hatalalamika.

Bunraku

Tukienda bunraku, maigizo ya vikaragosi, tunamkuta Kiyohime bado mtoni. Mchezo ni wa mwaka 1759, na kipande kinachochezwa mara kwa mara ni cha kivukoni: binti amefika, mwenye mtumbwi amehongwa asimvushe, anamcheka. Kiyohime anamsihi, anamlaani, anajitupa majini. Ndipo kichwa cha kikaragosi, ambacho mpaka dakika hiyo kilikuwa cha msichana mweupe mwenye midomo midogo, kinapasuka: mdomo unafunguka hadi masikioni, meno ya dhahabu, macho yanageuka, pembe zinachomoza. Mwendeshaji amevuta uzi mmoja tu. Kengele hata haijaonekana. Hatuihitaji, kwa kuwa tumeshuhudia mtu akikoma kuwa mtu.

Nitakaa zaidi hapa, kwa sababu bunraku ndiyo inayonyimwa nafasi. Msafiri anasikia "vikaragosi" na kudhani ni mambo ya watoto. Sivyo kabisa. Ni maigizo ya watu wazima wenye madeni, ndoa zilizoharibika na mapenzi yasiyo na pa kwenda.

Kila kikaragosi kikuu kinaendeshwa na watu watatu, mtindo ulioanza mwaka 1734. Mkuu anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Wanaopita katika kazi hii husema miaka kumi kwenye miguu na kumi mingine mkono wa kushoto kabla ya kukabidhiwa kichwa. Wasaidizi wamefunikwa vitambaa vyeusi hata usoni, lakini mkuu mara nyingi yuko uso wazi, na amevaa viatu virefu vya mbao ili walio chini yake wapate nafasi ya kuinama. Vikaragosi vya kike kwa kawaida havina miguu: mwendeshaji anafinyanga pindo la vazi kwa vidole na wewe unaona hatua. Dakika chache za mwanzo utawatazama watu. Baadaye hutawaona.

Sauti zote, za bibi kizee, samurai, mtoto, hutoka kwa msimulizi mmoja aliyeketi jukwaa dogo upande wa kulia, pamoja na mpiga shamiseni, ala ya nyuzi tatu, ya shingo nene. Msimulizi hufunga tumboni mfuko wa mchanga na maharage ili apate kukaza pumzi. Kabla ya kuanza anakiinua kitabu kwa mikono miwili na kukiinamia. Ishara hiyo inaeleza bunraku kuliko maelezo yangu: huku mkubwa ni maandishi. Kabuki inamwinamia mwigizaji.

Na maandishi yenyewe yana mwandishi. Chikamatsu Monzaemon aliandikia ukumbi ambao Takemoto Gidayu aliufungua Osaka mwaka 1684. Mwaka 1703 karani wa duka na mwanamke wa danguro walijiua pamoja katika msitu wa Sonezaki. Haukupita muda mrefu Chikamatsu akawa amewapandisha jukwaani. Kuna kipande karani huyo, Tokubei, amejificha chini ya baraza, juu yake mpenzi wake, Ohatsu, ameketi akizungumza na adui yao, akitumia maneno yanayomlenga yeye: je, uko tayari kufa? Tokubei anajibu bila sauti. Anaushika mguu wa Ohatsu na kuupitisha kooni mwake. Nimesema vikaragosi vya kike havina miguu. Kwa ajili ya kipande hiki hutengenezwa mmoja, mweupe, na ukumbi mzima unautazama huo tu. Michezo ya namna hii ilipendwa na, kwa maoni ya serikali, ikaigwa, hadi mwaka 1723 ikapigwa marufuku.

Michezo mingi mikubwa ya kabuki ilitoka huku. Kanadehon Chushingura, ya wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao, ilianza kwa vikaragosi mwaka 1748 na kabuki ikaichukua mwaka huohuo. Ukiweza kuona kipande kilekile pande zote mbili, anza na vikaragosi upate kisa, kisha kabuki uone mwigizaji anakifanyia ujeuri gani.

Sasa, tiketi

Mwenye jioni moja tu Tokyo aende Kabukiza, mtaani Ginza. Si kwa sababu kabuki ni bora, ni kwa sababu ndiyo inayopatikana: huchezwa karibu mwezi mzima, mwezi baada ya mwezi, katika jengo ambalo kwa sura ya sasa lilifunguliwa mwaka 2013. Huko zinauzwa tiketi za kipande kimoja, viti vya juu kabisa, kwa bei ndogo. Ukichoka unaondoka bila uchungu. Uliza pia kama kipo kifaa cha maelezo kwa Kiingereza.

Noo haikungojei. Onyesho moja kwa kawaida ni siku moja, mara moja, basi, na waigizaji hukutana kwa zoezi la pamoja karibu na siku yenyewe, wala si wiki kadhaa. Tazama ratiba ya Ukumbi wa Taifa wa Noo ulioko Sendagaya, Tokyo, kabla ya kununua tiketi ya ndege. Nyuma ya viti vyake kuna skrini ndogo zenye maneno ya Kijapani na Kiingereza, na usione haya kuzitumia: Kijapani cha noo ni cha kale, wenyeji pia wanazisoma. Chagua siku yenye kyogeni na noo moja fupi, si siku nzima ya noo tano. Hagoromo, ya mvuvi aliyeokota vazi la malaika, ni mwanzo mpole kuliko Dojoji.

Kwa bunraku, panga safari kufuata Osaka, kwenye Ukumbi wa Taifa wa Bunraku uliofunguliwa mwaka 1984, ambako misimu yake mikuu ni Januari, Aprili, kiangazi na Novemba. Tokyo ni vigumu zaidi siku hizi, kwa kuwa Ukumbi wa Taifa wa huko ulifungwa Oktoba 2023 ili ujengwe upya, na bunraku inahamahama kumbi za kuazima.

Mimi ningeachiwa nichague kwa ajili ya mtu mzima asiyejua Kijapani, asiye na mtoto, mwenye siku tatu, ningempeleka Osaka kabla ya Ginza. Wengi watanipinga, na wana hoja: kabuki haijawahi kumchosha mtu katika dakika kumi za kwanza, na bunraku inaweza.

Viti navyo vina akili yake. Kabuki, kaa upande wa kushoto karibu na njia ya waigizaji, au juu kabisa ikiwa pesa ni chache. Katika ukumbi wa noo viti vya ubavuni, vilivyo karibu na daraja, ni nafuu kuliko vya mbele, na kasoro yake ni kwamba mwigizaji unamwona kwa ubavu. Bunraku, usishindane kutafuta katikati. Kata kiti cha kulia, chini ya msimulizi, uone jasho lake.